Kabla ya Kushusha Gia Boksi

Ukutani mwa karakana yangu, jirani na Mwanjelwa jijini Mbeya, nimetundika kipande cha waya chenye urefu wa kiganja, ambacho ganda lake limeyeyuka na kuganda tena kama nta ya mshumaa. Wateja wengi hudhani ni hirizi, na sijawahi kujisumbua sana kuwakatalia. Waya huo ulitoka kwenye gari la mwalimu mstaafu wa Tukuyu mwaka 2012, na ndio ulionivunjia heshima niliyokuwa nimeanza kuijenga katika kazi hii. Yeye ulimgharimu zaidi, kwa sababu alilipia gia boksi nzima ambayo hakuihitaji.

Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu tangu nimalize kusomea umeme wa magari VETA, nikifanya kazi katika gereji ya mtu mwingine. Starta, altaneta na taa nilizimudu vizuri, lakini gia boksi niliiona kuwa mali ya mafundi makanika, chuma kilichojaa oili ambacho mtu wa mita na testa hakuwa na sababu ya kukigusa. Mzee alileta gari la abiria saba, la Kijapani, lenye gia boksi ya otomatiki ya gia nne. Malalamiko yake yalikuwa kwamba gari likishashika mwendo kwenye tambarare linakwenda, ila kuondoka ni mateso, kana kwamba limebebeshwa viazi vya Isyonje vyote, na kwamba akipandisha kutoka Kiwira hupitwa hata na pikipiki zenye abiria watatu. Kisha akaongeza jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno: "Mwanangu, nikiweka L linaondoka vizuri kabisa, kama zamani. Nikirudisha D ndipo linakuwa zito."

L ni nafasi ya mkono wa gia ya mwendo mdogo, na D ni ya safari ya kawaida. Tulilisikia jambo hilo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Fundi mkubwa alisema klachi za ndani zimekwisha, na hakuna aliyembishia. Gia boksi ikashushwa. Ilipofunguliwa, oili ilikuwa bado nyekundu, haina harufu ya kuungua, na sahani za klachi zilikuwa na unene wake. Hapo ndipo tulipopaswa kusimama, kwa sababu gia boksi iliyokufa kwa kuteleza haitoi oili safi namna ile, lakini mteja alikwishatajiwa bei, na gia boksi ya mtumba ilikwishaagizwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye basi. Tukaifunga. Mzee akaendesha hadi Uyole na kurudi, akashuka kimya, akaniangalia mimi wala si fundi mkubwa, akasema gari ni lilelile.

Jioni ile nilibaki peke yangu ndani ya gari, na kwa mara ya kwanza nikaitazama dashibodi kwa makini. Kulikuwa na kipande cha utepe mweusi wa umeme kimebandikwa juu ya kioo cha mita. Nilipokibandua, taa ya njano yenye maandishi O/D OFF, ya ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa, ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mzee alinieleza baadaye kwamba kijana wake ndiye aliyeiziba, kwa sababu ilikuwa inamsumbua macho akiendesha usiku. Gari lilikuwa limeeleza ugonjwa wake kwa miezi kadhaa, nasi tukawa tunalifungua tumbo.

Katika magari mengi ya Toyota ya kizazi kile, kompyuta inayosimamia gia haihitaji mashine yoyote ili isomwe. Kuna kisanduku cha soketi chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, ukawasha swichi bila kuwasha injini, huku kitufe cha ovadraivu kikiwa kimeruhusiwa, taa ileile ya O/D OFF huanza kuhesabu. Ikimetameta mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikiwaka mara sita, ikatulia, kisha ikawaka mara mbili, hiyo ni 62, yaani saketi ya solenoidi ya kwanza; solenoidi ni vali ndogo ya umeme inayoelekeza oili ndani ya gia boksi. 63 ni ya pili, 64 ni ile ya kufungia konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi), 42 na 61 ni za sensa za mwendo. Niliunganisha, nikahesabu kwa vidole, na gari la mzee likanipa 62 na 63.

Nilichomoa soketi ya kompyuta na kupima kutoka pale hadi kwenye ganda la gia boksi, nikiwa nimeweka mita kwenye ohm, kipimo cha upinzani wa umeme. Solenoidi za aina ile, zikiwa za baridi, husoma kati ya ohm 11 na 15. Waya wa kwanza haukusoma chochote, maana yake umekatika mahali fulani. Waya wa pili ulisoma karibu sifuri, maana yake unagusa bodi. Kisha nikaingia chini ya gari, nikachomoa soketi ya gia boksi yenyewe na kupima upande wa ndani, nikapata ohm 13 na 13. Nikaenda kwenye gia boksi ya zamani iliyolala sakafuni ikisubiri kuuzwa kama chuma chakavu, nikapima, nikapata ohm 13 na 13 vilevile. Gia boksi zote mbili zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa katika mita moja na nusu ya nyaya kati ya kompyuta na gia boksi, na nilipoufuata mkono kwa mkono nikaukuta mahali ambapo kitita cha nyaya kilikuwa kimelalia bomba la moshi, kwa kuwa kibanio chake hakikurudishwa siku injini ilipowahi kushushwa na mtu mwingine. Waya mmoja ulikuwa umeyeyuka na kukatika, mwingine umeyeyuka na kugusa chuma. Sisi tulikuwa tumeichomoa na kuichomeka ile soketi mara mbili, mikono yetu ikipita sentimita chache kando ya jeraha. Kulitibu kulichukua chini ya saa moja.

Nieleze kwa nini L ilifanya kazi, kwa sababu maelezo haya ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyomsikiliza dereva. Gia boksi nyingi za gia nne za wakati ule zina solenoidi mbili zinazoamua gia. Kompyuta ikizipa umeme kwa mpangilio, gia hubadilika: kwa gia ya kwanza huwasha solenoidi ya kwanza na kuzima ya pili; kwa gia ya pili huwasha zote; kwa gia ya tatu huzima ya kwanza na kuacha ya pili; na kwa gia ya nne huzima zote mbili. Waliozisanifu walijua kwamba siku moja umeme utakatika, kwa hiyo wakahakikisha kwamba gari lisilo na umeme wa solenoidi bado linaweza kufika nyumbani. Solenoidi zote zikifa, mkono wa gia ukiwa kwenye D gari huwa katika gia ya nne tu. Ukiwa kwenye 2 huwa katika gia ya tatu. Na ukiwa kwenye L huwa katika gia ya kwanza, kwa sababu mkono wenyewe husukuma vali na kupeleka oili bila kuuliza kompyuta. Mzee alikuwa anaondoka kwa gia ya nne kwenye mlima. Sentensi yake moja ilitosha kuonyesha kwamba gia ya kwanza ipo, klachi zake zinashika na pampu inasukuma oili, na kwamba kinachokosekana ni amri.

Fedha yake hakurudishiwa. Mwenye gereji alisema spea ikishafungwa imefungwa, na mimi nilikuwa mdogo mno pale kusema kitu. Nilimtengenezea mzee umeme wa gari lake bila malipo hadi alipoliuza, na kila alipokuja alinisalimu kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi.

Tangu hapo nina jaribio moja ambalo halinipiti, nalo limo hata katika vitabu vya watengenezaji. Kabla ya mtu yeyote kugusa bolti ya gia boksi, nachomoa soketi ya solenoidi kwa makusudi na kuendesha gari kwa mkono: L, kisha 2, kisha D, katika barabara tulivu, bila kurudisha L gari likiwa kwenye kasi. Kama gia hizo tatu zinapatikana na zinashika bila kuteleza, sehemu ya chuma na oili ni nzima kwa kiasi kikubwa, na tatizo linatafutwa upande wa umeme. Kama hata kwa mkono gari linateleza au halivuti, nafunga mita yangu na kumwita makanika. Jaribio hili halitumii mashine ya mamilioni, linachukua dakika ishirini, na bado naona magari yanashushwa gia boksi bila mtu kulifanya. Kwa gia boksi za kisasa zenye gia nyingi mpangilio wa gia za dharura hutofautiana, kwa hiyo lazima kitabu cha gari husika kisomwe kwanza.

Mashine za kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, zilipoenea, nilidhani kazi itakuwa rahisi, na kwa muda fulani nilizidi kukosea. Soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari mapya kuanzia mwaka 1996 na ambayo baadaye ilikuta njia yake hadi kwenye magari mengi yanayotufikia, ilitupa kodi zenye herufi P mbele. Kijana mwenye simu na kifaa cha bei nafuu anaweza leo kukuambia kwamba gari lina P0700. Akishasema hivyo huwa hajasema kitu, kwa sababu P0700 ni tarishi tu: kompyuta ya injini inaarifu kwamba mwenzake wa gia ana malalamiko, nenda ukamuulize yeye. Vifaa vingi vya bei nafuu huongea na injini peke yake, na fundi anayeishia pale ni kama mtu aliyepokea bahasha akasoma anwani bila kuifungua.

Kodi hutaja saketi, haitaji kifaa kilichokufa. P0753 husema kuna hitilafu ya umeme katika njia ya solenoidi ya kwanza, na njia hiyo ina solenoidi, waya, soketi, ganda la gia boksi, na hata kompyuta yenyewe. P0741, kwa upande mwingine, humwambia fundi kwamba klachi ya kufungia konveta haishiki kama inavyotarajiwa, na hilo kompyuta imelijua kwa kulinganisha mwendo wa injini na mwendo wa shafti inayoingia kwenye gia boksi. Umeme unaweza kuwa mzima kabisa na klachi yenyewe ikawa imelika. Nimeona solenoidi mpya ikinunuliwa kwa sababu ya P0741, na kodi ikarudi kabla mteja hajafika Mbalizi. Nina desturi ya kuandika kodi zote kwenye daftari pamoja na kilomita za gari kabla sijazifuta, kwa sababu kodi iliyofutwa bila kuandikwa ni ushahidi uliochomwa moto. Na gari likija na kodi sita au saba za vitu visivyohusiana, sianzi na chochote kati ya hivyo. Naanza na betri. Betri inayoshuka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga starta huifanya kompyuta iandike malalamiko ya kila aina. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya, ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 10, betri dhaifu hutuletea magari mengi yanayosemekana yana gia boksi mbovu.

Somo la pili kubwa nililipata kwa mama mmoja anayenunua mchele Ubaruku na kuuleta mjini. Alisema, "Fundi, gari langu linaogopa giza." Mchana gia zilibadilika kama siagi, lakini jua likizama gari lilianza kupiga teke kila linapoingia gia ya pili, na mara nyingine lilikataa kuingia ya nne. Wengine walimcheka. Mimi nilikuwa nimekwishajifunza kutowacheka wateja, kwa hiyo nilijiuliza ni kitu gani mama huyu anakifanya usiku ambacho hakifanyi mchana, na jibu lilikuwa mbele ya macho: anawasha taa.

Nilikagua waya wa hasi unaounganisha injini na bodi, ule ambao gerejini tunauita ethi. Kwa ohm, mita ilisema hakuna tatizo. Hapa ndipo mita huwadanganya wengi, kwa sababu inapopima ohm hupitisha umeme mdogo sana, na umeme mdogo hupita hata kwenye nyuzi mbili zilizobaki kati ya mia. Upinzani wa ohm 0.03 mita ya kawaida haiuoni, lakini ukipitiwa na ampea 30 unaiba volti 0.9. Kwa hiyo niliwasha injini, nikawasha taa kubwa, feni na kipasha kioo cha nyuma, nikaweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye ganda la gia boksi na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Kwa kawaida natarajia kitu kisichozidi volti 0.1. Nilipata karibu 0.9. Katika gari lile kompyuta ya gia ilikuwa imefungiwa hasi yake kwenye bodi, huku solenoidi zikipata hasi kupitia ganda la gia boksi, kwa hiyo taa zilipowaka, vitu hivyo viwili vilikuwa havikubaliani tena sifuri ni ipi. Kompyuta ilitoa amri sahihi na amri ikafika imepotoka. Nilipoutoa ule waya na kuukunja, ulikuwa kijani kibichi chini ya ganda, na nyuzi zake zilimeguka mkononi kama majani makavu ya chai. Waya mpya mnene, sehemu za kufungia zikasuguliwa hadi chuma kikang'aa, na gari la mama likaacha kuogopa giza.

Tangu siku hiyo sipimi ethi kwa ohm. Naipima ikiwa kazini, imebebeshwa mzigo, kama unavyompima kuli kwa gunia na si kwa kumwangalia mabega.

Kuna kosa jingine nililolifanya ambalo ni la aibu zaidi kwa kuwa lilitokana na kujua nusu. Gari moja lilikuja kutoka Chunya likiwa na tatizo la kuonekana baada ya saa nzima ya kuendesha, kisha linapoa na kupona. Nilisubiri lipate moto, nikapima solenoidi ya kwanza, nikapata ohm 16. Kitabu kinasema 11 hadi 15, kwa hiyo niliihukumu na kuitupa. Kumbe kitabu kinazungumzia nyuzi 20 za joto. Shaba ikipata joto upinzani wake huongezeka kwa takribani asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo solenoidi yenye ohm 13 kwa nyuzi 20 itasoma kama 16 oili ikifika nyuzi 80, na ni nzima kabisa. Asubuhi ya baridi ya Julai ileile itasoma kama 12.4. Niliweka mpya, tatizo likabaki. Safari ya pili tulipanda na mwenye gari barabara ya Chunya kupita Kawetire, tukaendelea kupanda hadi gari likaanza kuugua, tukasimama pembeni, nikachomoa soketi palepale huku oili ikiwa ya moto na kupima solenoidi zote. Ya pili, ambayo karakanani ilinisomea ohm 13 safi, sasa haikusoma chochote. Waya wake wa ndani ulikuwa umekatika mahali ambapo baridi hurudisha ncha zikagusana, na joto huzitenganisha. Solenoidi ya kwanza niliyoitupa niliifuata kwenye pipa la taka jioni, na nilimrudishia mwenye gari bei ya ile mpya.

Sensa za mwendo zina tabia kama hiyo, lakini sitakaa sana hapo. Zile za nyaya mbili ni koili ndogo yenye sumaku inayozalisha umeme wake yenyewe jino la chuma linapopita mbele yake. Uchafu wa chuma ukiganda kwenye ncha, gari hubadilisha gia ovyo ovyo kwa mwendo mdogo na kutulia kwa mwendo mkubwa. Mara nyingi inatosha kuifungua na kuifuta. Swichi ya mkono wa gia nayo, ile inayoiambia kompyuta kama uko kwenye P, R, N au D, hupenda kuingia maji msimu wa masika, hasa kwa magari ya Kyela na Rungwe ambako mvua haina simile. Dalili yake ni gari kukataa starta kwenye P na kukubali kwenye N, au dashibodi kuwasha herufi mbili kwa pamoja. Sensa inayopima mguu umekanyaga kiasi gani, naipima kwa kukanyaga pedali polepole sana nikitazama volti ikipanda kutoka karibu nusu volti. Ikiruka au kuanguka katikati ya safari, basi kompyuta inaambiwa kwamba dereva ameachia mafuta wakati hajaachia, na gia itabadilika kwa wakati usiofaa.

Kuhusu kontroli boksi za mtumba nina maneno machache na makali kidogo. Mtu akishaambiwa kompyuta ndiyo yenye matatizo, hununua nyingine kutoka gari linalofanana rangi na umbo, bila kulinganisha namba iliyoandikwa kwenye kibandiko. Injini inaweza kuwa ya aina moja lakini gia boksi ikawa na uwiano tofauti, au gari moja likavuta magurudumu mawili na jingine manne, na hapo fundi anaanza kutafuta ugonjwa ambao ameununua mwenyewe. Tena kompyuta nyingi zilizokufa mikononi mwangu ziliuawa na mashine ya kuchomelea: mtu anachomelea bodi bila kuchomoa betri, kisha anashangaa.

Magari mapya zaidi yana kompyuta nyingi zinazozungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kodi ya U0101 ikitokea maana yake kompyuta ya gia haisikiki kwenye mazungumzo hayo. Kabla sijaitafuta, nachomoa betri na kupima kati ya tundu la 6 na la 14 kwenye soketi ya matundu 16. Kuna vipinga viwili vya ohm 120 katika ncha mbili za njia hiyo, kwa hiyo pamoja vinapaswa kusoma karibu 60. Nikipata 120, ncha moja imepotea, na naifuata. Nikipata karibu sifuri, nyaya hizo mbili zinagusana mahali fulani.

Sisemi kwamba gia boksi hazifi. Zinakufa, na mlima Kitonga na mteremko wa Iwambi zimeshuhudia nyingi. Nikichomoa kijiti cha oili nikakuta oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, au nikaona chembe za chuma, siendelei kumpotezea mteja muda. Nikihamisha mkono kutoka N kwenda D injini ikiwa imepata moto na mguu ukiwa kwenye breki, gari linapaswa kushika ndani ya sekunde 1.2 hivi, na kwenda R ndani ya 1.5, likichelewa, presha ya oili au klachi zina shida ambayo waya hautaitibu. Pia kuna wale wanaowekewa oili isiyo yake, hasa oili ya gia boksi za mkanda (CVT) kuwekwa kwenye za kawaida au kinyume chake, na hao huwapeleka moja kwa moja kwa makanika nikiwa na huzuni.

Kinachonisumbua hadi leo ni malipo ya kupima. Mteja atatoa fedha kwa spea aliyoishika mkononi, lakini ukimwambia saa tatu umepima na umegundua kwamba gia boksi yake ni nzima, atakuuliza sasa umefanya nini. Nimeacha kubishana. Namwonyesha ule waya ukutani na kumsimulia habari za mwalimu wa Tukuyu, na wengi wao hulipa kabla sijafika mwisho.

Mwaka jana, wakati wa mvua, nilipigiwa simu saa tatu usiku na kijana aliyekuwa Igawa, akitoka Makambako na gari la gia boksi ya zamani ya gia nne, limejaa nyanya. Alisema, "Shikamoo fundi, gia boksi imekufa, halivuti kabisa, natafuta gari la kunikokota." Nilimuuliza kama taa ya O/D OFF inawaka na kuzima. Akasema ndiyo. Nikamwambia aweke L na kujaribu kuondoka. Kimya kidogo, kisha nikasikia injini ikipumua na kijana akicheka. Nikamfundisha: ondoka na L, ukipata mwendo wa mtu anayekimbia peleka 2, ukishika kasi peleka D, na ukikuta mlima rudisha 2 mapema kabla gari halijalemewa, ila L usiiguse mpaka umekaribia kusimama. Akapita Chimala, akapita Inyala, akaupanda Mlima Nyoka kwa 2 na mwishoni kwa L, na saa saba usiku akaegesha nje ya karakana yangu.

Asubuhi msaidizi wangu, binti aliyemaliza VETA mwaka uleule, alitangulia chini ya gari kabla sijanywa chai. Alichomoa soketi ya solenoidi na maji yakamwagika kwenye kiganja chake, ya kijani kama ya ndizi iliyochemshwa na maganda. Akapima ndani: 12, na 12. Akauliza kama afungue mpira wa soketi aukaushe, au atafute mwingine sokoni. Nilimwambia atafute mwingine, kisha nikampigia kijana wa nyanya, ambaye alikuwa amelala ndani ya gari, aamke alisogeze kwenye kivuli.